Mlevi Amtafuta Mlevi

Jumamosi mchana, tarehe 11 Mei 1935, mwanamume mmoja mrefu alikuwa akienda na kurudi kwenye ukumbi wa mapokezi wa Hoteli ya Mayflower, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Mfukoni alibakiwa na dola kama kumi. Shauri la biashara lililomleta kutoka New York, la kugombea uongozi wa kampuni ya mitambo ya mpira, lilikuwa limemwendea kombo. Wenzake walikwisha kurudi kwao, yeye kaachwa na bili ya hoteli. Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na baa, na ndiyo kwanza ilikuwa inaanza kuchangamka: vicheko, milio ya glasi, watu wasiomjua wala kumdai. Upande wa pili palikuwa na simu, na ubao wa kioo wenye orodha ya makanisa ya mji.

Aliitwa William Wilson, Bill kwa waliomzoea. Alikuwa na miaka 39, na miezi mitano bila kugusa pombe. Wazo likamjia, kwa upole kabisa, kwamba hakuna ubaya kuingia pale akaagiza soda ya tangawizi, akapata mtu wa kupiga naye soga. Aliyewahi kuishi na mlevi anaijua sauti hiyo. Haimwambii mtu nenda ukalewe. Humwambia kaa kidogo tu, mbona unajitesa. Wilson aliitambua, na akaogopa.

Akaiacha ile baa nyuma yake, akachagua jina la mchungaji kwenye ubao, akapiga simu. Mchungaji aliitwa Walter Tunks. Wilson akamweleza, mtu asiyemfahamu hata kwa sura, kwamba yeye ni mlevi kutoka New York, na kwamba ili asinywe siku ile anahitaji kuonana na mlevi mwingine.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi na kila mara nasimama hapo. Kwetu mlevi huwekwa katikati ya kikao cha ukoo. Wazee humsema, shangazi hulia, mchungaji au shehe huitwa, mlevi mwenyewe hutoa machozi ya kweli na kuapa kwa jina la marehemu mama yake, na kesho yake jioni yuko kilabuni. Humpa ushauri kila mtu ambaye hajawahi kuwa pale alipo. Sijawahi kusikia kikao kikaamua kwamba huyu atafutiwe mlevi mwenzake. Wilson naye hakuligundua jambo hilo kwa akili nyingi. Lilimfikia kwa njia ndefu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa ya kushindwa.

Alizaliwa mwaka 1895 huko Vermont, kijijini, na baadaye akawa mchambuzi wa hisa New York mwenye jicho kali la kuona kampuni ipi itapanda. Alikunywa wakati wa neema, akanywa zaidi soko la hisa lilipoporomoka Oktoba 1929. Ikafika mahali mkewe, Lois, akawa ndiye anayefanya kazi dukani kuilisha nyumba, tena nyumba yenyewe ikiwa ni ya wazazi wake, nambari 182 mtaa wa Clinton, Brooklyn. Bill alibaki nyumbani na chupa zake.

Mwezi Novemba 1934 alitembelewa na rafiki wa zamani aitwaye Ebby Thacher. Huyu naye alikuwa mlevi wa kupindukia, aliyeponea chupuchupu kufungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Wilson alifurahi kupata mwenzake wa kunywa naye. Akamimina jini, akachanganya na maji ya nanasi, akaisukuma glasi kwenye meza ya jikoni. Ebby akaikataa. Alikuwa na macho meupe na uso wa mtu aliyelala usiku kucha. Akaeleza kwamba amejiunga na watu wa Oxford Group, jumuiya ya Kikristo ya mchungaji Frank Buchman, ambamo watu walikutana majumbani, wakaungama makosa yao mbele ya wenzao, wakawarudia waliowadhulumu kuomba radhi, na kumwachia Mungu uongozi wa maisha yao. Hakumhubiria. Alisimulia yaliyompata, akaaga.

Wilson aliendelea kunywa kwa wiki kadhaa, lakini ile picha ya jikoni haikumtoka. Tarehe 11 Desemba alijipeleka mwenyewe katika Hospitali ya Towns, Manhattan, alikokwishalazwa mara tatu kabla. Hapo alikuwepo daktari William Silkworth, mtu mpole aliyewatibu maelfu ya walevi na ambaye, wakati dunia nzima ikimwona mlevi kuwa mtu asiye na haya, alisema kwamba huu ni ugonjwa. Kwa maelezo yake mwili wa mtu kama Wilson ukishaonja moja hauwezi kuishia hapo, na akili yake, hata baada ya miezi ya kukaa mkavu, humrudisha kwenye ile moja. Kitandani hospitalini Wilson alimlilia Mungu, akahisi chumba kimejaa mwanga. Hakunywa tena mpaka anakufa, mwaka 1971.

Kilichofuata husahaulika kwa kuwa hakina fahari. Alipotoka aliwakusanya walevi wa New York, barabarani na hospitalini, akawahubiria usiku na mchana habari za ule mwanga. Miezi mitano! Hakuna hata mmoja aliyeacha. Silkworth akamshauri aache mahubiri, aanze na ugonjwa: awaeleze jinsi ulivyomshika yeye, mpaka wajione wenyewe ndani ya maelezo yake. Na Lois akamwonyesha jambo lililokuwa mbele ya macho yake: hao wote wamelewa, ndiyo, lakini wewe hukulewa. Hayo ndiyo aliyokwenda nayo Akron, na pale hotelini ndipo yalipomwingia. Siku zote alidhani anawasaidia wale walevi. Kumbe wao ndio waliokuwa wakimshikilia.

Tunks alimpa majina kama kumi. Wilson akapiga moja baada ya jingine. Wengine hawakuwepo, wengine walikuwa na shughuli zao za mwisho wa wiki. Mwishowe mmoja akamwelekeza kwa mwanamke aitwaye Henrietta Seiberling, aliyekuwa akiishi na wanawe katika nyumba ya getini ya jumba kubwa la Stan Hywet, mali ya ukoo wa mumewe uliotajirika kwa kiwanda cha matairi. Henrietta hakuwa mlevi. Lakini wiki chache kabla, yeye na wenzake wa Oxford Group walipiga magoti pamoja na daktari mmoja wa upasuaji aliyekiri mbele yao kwamba hunywa kwa siri na hawezi kuacha. Alipoisikia sauti ya mgeni kwenye simu aliona ni dua iliyojibiwa.

Daktari huyo ni Robert Holbrook Smith, Dkt. Bob, mzaliwa wa Vermont pia, mwenye miaka 55. Kwa siku ile hakufaa kwa mazungumzo. Kesho yake ilikuwa Sikukuu ya Akina Mama, naye alikuwa ameingia nyumbani amebeba chungu cha maua kwa ajili ya mkewe, Anne, akakiweka mezani, akapanda juu na kuzima kabisa. Miadi ikawekwa Jumapili, saa kumi na moja jioni. Alikwenda akitetemeka, akimwambia Anne njiani kwamba atakaa dakika 15, hazizidi.

Walitoka saa tano na robo usiku.

Chakula kilikuwa kimeandaliwa, Smith akashindwa kula. Henrietta akawapeleka wanaume wawili kwenye chumba kidogo cha vitabu akawafungia mlango. Mtu angetegemea kwamba mgeni angeanza kutoa nasaha. Smith alikwishazisikia zote. Kwa miaka miwili na nusu alihudhuria mikutano, akasoma vitabu vya dini, akaomba, na akaendelea kunywa. Aliyajua maradhi ya watu kwa kisu na kwa darubini, na alikuwa fundi wa kuficha chupa: kwenye soksi ndefu, kwenye ghala la makaa. Sasa mbele yake alikaa mtu aliyekuwa akieleza namna yeye mwenyewe alivyoficha chupa, alivyoapa, alivyomdanganya Lois. Wilson alisema wazi kwamba hakuja kumponya mtu. Alikuja kwa sababu jana alitaka kunywa. Smith alieleza baadaye kwamba huyo ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza naye kuhusu ulevi huku akiujua kwa kuupitia. Alimtambua kwa lugha yake, kama watu wa kijiji kimoja wanaokutana ugenini.

Wilson akahamia kwa akina Smith, nambari 855 barabara ya Ardmore. Nyumbani humo chupa mbili kubwa za pombe ziliwekwa wazi juu ya kabati, kwa hoja kwamba dunia imejaa pombe na ni lazima wajifunze kuishi nayo. Mwezi Juni daktari akaenda kwenye mkutano wa chama cha madaktari, Atlantic City. Alianza kunywa ndani ya treni. Siku kadhaa baadaye alirudi hajijui hajitambui, na zilibaki siku tatu tu afanye upasuaji ambao yeye pekee aliweza kuufanya. Wilson na Anne walimkesha, wakampa maji ya nyanya, kabichi iliyochachushwa na shira. Asubuhi ya upasuaji mikono ilikuwa bado inatetemeka. Wilson akampa chupa moja ya bia, ile ambayo walevi wetu wangeiita ya kuzimua, na dawa ya kumtuliza, akampeleka mpaka mlangoni mwa hospitali.

Nyumbani wakasubiri. Saa zikapita bila habari, na kila mtu alijua maana ya kuchelewa kwa mlevi. Hatimaye akarudi. Upasuaji ulikwenda vizuri. Baada yake alikuwa akizunguka mjini kwenda kwa watu aliowakwepa kwa miaka, akiwaeleza maradhi yake na kuwaomba radhi. Ile bia ya asubuhi ilikuwa ya mwisho maishani mwake. Tarehe inayoadhimishwa ni 10 Juni 1935, ingawa waliochunguza ratiba ya mkutano wa madaktari wanasema huenda ilikuwa wiki moja baadaye. Mimi tarehe hainisumbui. Linalonigusa ni kwamba alianguka baada ya yale mazungumzo mazuri ya saa sita, na mwenzake alikuwepo alipoanguka.

Hapa niseme jambo moja la afya, maana limewaua watu. Mtu aliyezoea kunywa kila siku kwa wingi akikata ghafla anaweza kupatwa na degedege, kuweweseka na hata kufa. Kutetemeka kwa Smith hakukuwa woga. Kikundi hakichukui nafasi ya daktari katika siku hizo za mwanzo, na wenye busara katika vikundi huwa wa kwanza kumpeleka mgeni hospitali.

Sasa walikuwa wawili, wakatafuta wa tatu. Wa kwanza waliyemjaribu alikuwa kijana wa jirani, wakamchukua nyumbani pamoja na familia yake. Alikunywa, akatoroka, akarudishwa, na siku moja akamtishia Anne kwa kisu. Wakashindwa.

Wakapiga simu Hospitali ya Jiji la Akron kuuliza kama kuna mlevi. Yupo, akasema muuguzi, amewapiga wauguzi wawili na tumemfunga kitandani. Alikuwa wakili, Bill Dotson, aliyekuwa amelazwa mara nane katika miezi sita. Wageni wawili wakakaa kando ya kitanda chake, mmoja kila upande. Dotson alikuwa mtu wa kanisa na alikata tamaa akiamini kwamba Mungu amekwisha kumchoka. Wakamsimulia habari zao. Akawa akitikisa kichwa: ndivyo, ndivyo hasa, hivyo ndivyo ninavyofanya. Wakati fulani akamwambia mkewe kwamba hawa ndio watu wanaoelewa. Tarehe 4 Julai aliinuka, akavaa nguo, akatoka, na hakunywa tena. Chumba kile kilikuja kuchorwa, mgonjwa ameketi ukingoni mwa kitanda na wanaume wawili wenye suti wakimwelekea.

Miaka iliyofuata ilikwenda polepole kuliko simulizi zinavyopenda. Wilson alirudi New York, akawajaza walevi katika nyumba ya mtaa wa Clinton, Lois akawapikia, na karibu wote waliokaa humo walirudi kwenye chupa. Mmoja alijiua humo humo. Novemba 1937 Wilson na Smith walikaa Akron wakahesabu waliosimama imara katika miji yote miwili. Wakapata kama 40. Kwa dunia nzima hiyo si idadi. Kwa wawili wale, waliojua kila mmoja alitolewa wapi, ilikuwa vigumu kuamini.

Ndipo likaja wazo la kitabu, likapita kwa tofauti ya kura chache miongoni mwa watu 18 wa Akron. Desemba 1938, usiku mmoja akiwa kitandani, Wilson aliandika kwa kama nusu saa zile hatua 12: kukiri kwamba pombe imemshinda mtu, kumtegemea Mungu, kujihesabu, kuungama, kulipa madhara, kisha kumpelekea mlevi mwingine habari hizo. Rasimu ilizua mabishano makali, maana miongoni mwao walikuwemo wasioamini dini yoyote. Kwa ubishi wao yakaongezwa maneno machache baada ya jina la Mungu, kwamba ni kwa kadiri kila mmoja anavyomwelewa. Sidhani waliobishana walijua ni mlango gani walioufungua. Zanzibar, ambako tangu 2009 zimefunguliwa nyumba za kuachia dawa za kulevya ambazo kila mtu huziita soba hausi, hatua zizo hizo hupitiwa na vijana Waislamu waliotoka kwenye heroini, na wanaowaongoza ni watu waliowahi kutumia wao wenyewe.

Kitabu kilitoka Aprili 1939 kwa jina la Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, yaani walevi wasiotaja majina, nacho kikakipa chama jina. Nakala zipatazo 5,000 zilichapwa na karibu zote zikalala ghalani. Mwezi huo huo Wilson na Lois waliipoteza nyumba, wakaishi miaka miwili kwa kuhamahama majumbani mwa wenzao. Mambo yaligeuka tarehe 1 Machi 1941, jarida la Saturday Evening Post lilipochapa makala ya Jack Alexander, mwandishi aliyekwenda akidhani atafichua matapeli. Barua zikamiminika. Chama kilichoanza mwaka huo na watu wapatao 2,000 kiliumaliza na 8,000.

Lakini Akron inanivuta zaidi kuliko magazeti. Agosti 1939 Dkt. Bob alimwendea sista mmoja mdogo wa umbo aliyekuwa karani wa mapokezi katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, Sista Ignatia. Hospitali hazikutaka walevi. Walipiga kelele na hawakulipa. Sista akamwandikisha mgonjwa wa kwanza kama mwenye maradhi ya tumbo. Daktari alipoomba mahali pa faragha ili wageni waweze kuzungumza naye, kitanda kikasukumwa hadi kwenye chumba kidogo cha kutayarishia maua ya wagonjwa. Kutoka chumba hicho, kwa miaka kumi na kitu, wawili hao walihudumia karibu walevi 5,000, na daktari hakudai malipo. Kila aliyeruhusiwa kwenda nyumbani Sista alimpa nishani ya kitambaa ya Moyo Mtakatifu, na sharti moja: kabla ya kunywa glasi ya kwanza, airudishe kwanza mkononi mwake.

Ukiingia leo kwenye mkutano wa AA, uwe Nairobi au Dar es Salaam, hutakuta mengi zaidi ya yaliyokuwemo kwenye chumba kile cha vitabu. Hakuna kiingilio, hakuna fomu wala ada. Kikapu hupitishwa kwa anayeweza kuchangia. Mikutano mingine ni ya wazi, ndugu wanaweza kuketi. Mingine ni ya wenyewe tu. Nilikaa nyuma katika mmoja wa wazi. Baba mmoja wa makamo aliyekuja kwa mara ya kwanza alikuwa ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili ili kisimwagike. Hakuna aliyemwuliza kitu. Aliyekaa kando yake alivuta kiti karibu kidogo, akaanza kusimulia habari zake mwenyewe, taratibu, na yule baba akaacha kutazama mlango.

Julai 1950 Dkt. Bob, akiwa amekondeshwa na saratani, alisimama dakika chache mbele ya maelfu mjini Cleveland na kuwasihi wasiifanye kazi hii kuwa ngumu. Alifariki tarehe 16 Novemba. Ibada ya mazishi iliongozwa na Walter Tunks, yule mchungaji aliyepokea simu ya mgeni asiyemjua miaka 15 kabla. Miongoni mwa waliokuja kuaga alikuwemo mwanamume mmoja ambaye familia ilimjua zamani. Ni yule kijana wa jirani, wa kisu. Alikuwa amejiunga na kikundi cha mji wa Youngstown, na alikuwa na kama mwaka mmoja bila pombe.